Tumkumbuke Joginder Singh: fundi aliyeshinda kwa gari la mtumba

Ukurasa wetu wa familia mwezi huu unamkumbuka mtu aliyependa magari na kazi za mikono. Wazee wengi wa Afrika Mashariki wanalijua jina lake, ila watoto wetu wengi hawajalisikia. Ni Joginder Singh, fundi na dereva wa Kenya, aliyezaliwa Kericho mwaka 1932 na kufariki London mwezi wa kumi mwaka 2013, akiwa na miaka 81.

Mtauliza, mtu wa mbio za magari anatuhusu nini sisi wakimbizi? Sisi hata nauli ya taksi ya kwenda mjini tunaihesabu mara mbili. Anatuhusu, tena sana. Nyumba ya mtu huyu ilijengwa na kazi ya mikono. Baba aliifanya, akawapa watoto wake, na ndiyo hiyo iliyomfikisha mbali. Na kati yetu wapo baba wengi ambao mikono yao inajua kazi, lakini wamekaa kimya nyumbani kana kwamba hawajui kitu. Tunaandika kwa ajili yao, na kwa ajili ya watoto wao.

MAKALASINGA WALIKUJA NA NYUNDO

Kwa Kiswahili watu wa dini ya Joginder, wale wanaovaa kilemba na kufuga ndevu, tunawaita Makalasinga. Wengi wao asili yao ni Punjab, jimbo ambalo leo limegawanyika kati ya India na Pakistan.

Mwaka 1896 Waingereza walianza kujenga reli kutoka Mombasa kuja huku ziwani. Walileta wafanyakazi kwa maelfu kutoka India. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na miaka mingi baadaye, mwaka 1931, ikafika hapa Kampala. Kati ya Makalasinga waliokuja wakati ule na baada yake, wengi walikuwa wahunzi, maseremala na waashi. Kwao hiyo ilikuwa kazi ya ukoo: babu alifua chuma, baba akafua chuma, mtoto naye akashika nyundo mapema.

Reli ilipokwisha, kazi haikuwaishia. Aliyejua kufua chuma cha reli alijua pia kutengeneza mkokoteni, kisha pampu ya maji, kisha mashine ya kusaga. Magari yalipoanza kujaa barabarani, mhunzi akawa makanika. Ndiyo maana miji mingi ya Afrika Mashariki ilikuwa na gereji ya Kalasinga, na watu wakazoea kusema, "Peleka kwa Kalasinga, atalitengeneza."

Baba yake Joginder, Mzee Battan Singh, alitoka Punjab akaja Kenya. Hakuja na mali ya kutisha watu. Alikuwa fundi, akafungua gereji. Joginder alikuwa kifungua mimba katika familia kubwa, na ninyi mliozaliwa wa kwanza mnajua maana yake: wadogo wanakutazama wewe, na baba anakuita wewe kwanza kazi inapozidi.

ALIANZIA CHINI YA GARI

Kuna watu wanaofikiri kwamba dereva bingwa huanza kwa kukaa kwenye usukani na kukanyaga mafuta. Joginder alianza kwa kulala chini ya gari. Alipomaliza shule alifanya kazi ya spana katika gereji za Nairobi, halafu akafanya kazi katika gereji ya baba yake. Alifungua injini, akaisafisha, akairudisha. Alibadilisha springi zilizovunjwa na mashimo. Alijua sauti ya gari zima, na alijua sauti ya gari linalotaka kufa.

Baadaye alifanya kazi na chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki. Kazi yake ilikuwa kuzunguka barabarani na kuwasaidia watu waliokwama. Hebu fikirini shule ile! Kila siku gari tofauti na ugonjwa tofauti, na mwenye gari amesimama pembeni amekasirika, labda na watoto wanaolia kwa jua. Hakuna duka la spea karibu. Inabidi utumie ulichonacho: waya, kipande cha mpira, akili yako na vidole vyako.

Watu wa kwetu wanaielewa hali hiyo. Aliyewahi kusafiri na lori kutoka Bukavu kwenda Uvira, au kupita njia za Masisi wakati wa mvua, anajua kwamba abiria wote hufika kwa sababu ya kijana mmoja aliyeingia kwenye matope na spana mkononi. Dereva husifiwa. Fundi huambiwa tu, "Nawa mikono, twende."

Joginder alikuwa wote wawili. Alipoanza mashindano mwishoni mwa miaka ya 1950, alikuwa tayari mtu mzima wa miaka 26 hivi, mwenye mafuta ya oili kwenye kucha. Hakuwa kijana tajiri aliyenunuliwa gari la kuchezea.

MBIO ZA SAFARI

Inafaa tueleze kidogo mashindano yenyewe. Yalianza mwaka 1953, wakati Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza alipotawazwa. Yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na Kampala hii yetu ilikuwa moja ya vituo vyake. Baadaye yakaitwa Safari, na kuanzia mwaka 1974 yakabaki Kenya peke yake.

Hayakuwa mbio za kuzunguka uwanja. Magari yalikimbia karibu kilometa elfu tano, usiku na mchana, kwenye barabara za kawaida ambazo nyingi zilikuwa za udongo. Yalifanyika wakati wa Pasaka, na Pasaka huku kwetu ni msimu wa mvua. Basi ukitoka kwenye vumbi unaingia kwenye matope. Mbele kuna ng'ombe, kuna mto umejaa, kuna daraja limeondoka. Mwaka 1963 magari zaidi ya 80 yalianza, yakamaliza 7 tu. Mwaka 1968 pia yalimaliza 7 tu.

Viwanda vikubwa vya Ulaya, na baadaye vya Japan, vilileta magari mapya, madereva maarufu na mafundi wao, na mizigo ya vipuri. Walitaka kuonyesha dunia kwamba gari lao ni imara. Wengi wao waliaibika. Gari linalokimbia vizuri kwenye lami ya Ulaya lilikuwa likivunjika vunjika kabla ya siku ya pili.

GARI LA MTUMBA

Sasa tufike kwenye Pasaka ya mwaka 1965, ambayo ndiyo iliyomfanya Joginder ajulikane kila mahali.

Mwaka uliotangulia, 1964, kiwanda cha Volvo cha Sweden kilikuwa kimeleta timu yake kwenye Safari, na haikufanikiwa. Moja ya magari yale, Volvo PV544, lilibaki Kenya. Lilikuwa limepigwa na njia na limechoka. Kwa lugha yetu, lilikuwa mtumba. Mwingine angeliona akasema, "Hilo ni chuma chakavu."

Joginder na mdogo wake Jaswant walilichukua. Wakalitengeneza wao wenyewe. Hatukuwepo kuona kila boliti waliyoifunga, lakini kazi ya kuandaa gari kwa njia za namna ile inajulikana. Unafungua kila kitu, kimoja kimoja. Unatazama palipopasuka, unachomelea. Unaimarisha springi na sehemu zinazobeba uzito. Unafunika tumbo la gari kwa bamba la chuma ili mawe yasitoboe tangi la oili. Unafunga nyaya zisiguse mahali pa moto. Halafu unarudia kukagua tena, kwa sababu boliti moja iliyolegea inaweza kukuangusha baada ya kilometa elfu tatu.

Kwenye kupanga magari, wao walipata namba moja, yaani walitangulia barabarani. Hiyo ilikuwa bahati nzuri, maana aliye mbele hali vumbi la wengine. Lakini bahati ya namba haifungi boliti. Ndugu wawili wakaendesha, mmoja kwenye usukani, mwingine akisoma njia na saa, wakarudi Nairobi wakiwa washindi. Waliacha nyuma timu za viwanda kwa mbali.

Wasomaji, tulitazame jambo hilo vizuri. Gari ambalo kiwanda kilicholiunda kilishindwa nalo, watoto wa fundi wa gereji walishinda nalo mwaka uliofuata. Tofauti ilikuwa mikono iliyolishika, na umoja wa ndugu wawili waliokubali kukaa usiku mwingi juu ya kazi moja bila kugombana.

Tangu hapo watu wakampa jina kwa Kiingereza, maana yake Kalasinga anayeruka. Wengine walimwita Simba.

KUFIKA NI BORA KULIKO KUONEKANA

Joginder alishinda Safari mara tatu. Baada ya 1965 alishinda mwaka 1974, halafu 1976. Mara hizo mbili aliendesha Mitsubishi Lancer, akiwa na David Doig akimsomea njia.

Ile ya 1974 inakumbukwa kwa mvua. Njia ziligeuka mito ya matope. Aliyekuwa akimkimbiza ni Björn Waldegård wa Sweden, dereva mkubwa duniani, tena ndani ya Porsche. Ukiweka Porsche na ile Lancer ndogo ya injini ya 1600 sokoni, hakuna anayeuliza ipi ni ya bei. Lakini matope hayasomi bei. Porsche ilipata matatizo, Lancer ikafika kwanza. Mwaka 1976 magari ya Mitsubishi yalichukua nafasi zote tatu za juu, na Joginder ndiye aliyekuwa wa kwanza.

Hata hivyo, hesabu inayotufundisha zaidi ni nyingine. Aliingia Safari mara 22, akamaliza mara 19. Kumbukeni tulivyosema, kuna miaka magari 7 tu ndiyo yaliyofika. Mtu anayemaliza mara 19 kati ya 22 hafanyi hivyo kwa kukanyaga mafuta tu. Anafanya hivyo kwa sababu anajua gari linaumia wapi. Akisikia mlio anapunguza. Akiona shimo anakumbuka kwamba yeye ndiye atakayelala chini ya gari kulitengeneza. Fundi hulionea gari huruma.

Nyumba nayo iko hivyo. Wapo baba wanaokuja na kelele, leo wamenunua kitu kikubwa watu wakashangaa, kesho hawaonekani. Na wapo baba wanaofika kila siku jioni na unga kilo mbili, mwaka baada ya mwaka. Majirani hawawaimbii. Lakini watoto wao wamesoma.

KIJANA WA UGANDA ALIYEFUKUZWA

Tukimtaja Joginder hatuwezi kumsahau mwenzake, kwa sababu huyu alizaliwa Uganda hapa hapa. Ni Shekhar Mehta, aliyezaliwa mwaka 1945 katika familia ya Kihindi yenye mashamba. Alianza mbio za magari akiwa kijana.

Mwezi wa nane mwaka 1972, Idi Amin alitangaza kwamba Wahindi waondoke Uganda, akawapa siku 90. Wakaondoka kwa makumi ya maelfu. Waliacha nyumba, maduka, viwanda, na magari yakiwa yameegeshwa na funguo ndani. Walipekuliwa njiani, na fedha walizoruhusiwa kutoka nazo zilikuwa kidogo sana. Sisi tunaosoma ukurasa huu hatuhitaji kuelezwa hali hiyo. Tunajua kufunga mlango bila kujua kama utaufungua tena.

Mehta na familia yake walikwenda Kenya. Mwaka uliofuata, 1973, aliingia Safari na Datsun. Walimaliza yeye na Harry Källström wa Sweden wakiwa na pointi sawa kabisa, ikabidi waamuzi watumie kanuni ya kuwatenganisha, na Mehta akapewa ushindi. Haukupita hata mwaka tangu afukuzwe kwao. Baadaye alishinda tena mara nne mfululizo, kuanzia 1979 mpaka 1982. Mkewe Yvonne naye alikuwa mtu wa mbio za magari. Mehta alifariki mwaka 2006.

Kweli, familia yake ilikuwa na uwezo kuliko wengi wetu, hatutaki kudanganyana. Lakini mpakani walichukua vitu tu. Ujuzi wa kuendesha haukuwa ndani ya sanduku, hivyo hakuna askari aliyeuona akauchukua. Na nchi ile ile iliyofukuza watu mwaka 1972 ndiyo iliyotupokea sisi kutoka Kongo, Burundi, Rwanda, Sudan Kusini, Somalia na kwingineko. Mambo hubadilika.

BABA ALIYENYAMAZA

Sasa turudi nyumbani kwetu, Katwe, Kisenyi, Nsambya, Ndejje, na huko kambini.

Kuna jambo tunaliona mara nyingi na hatulisemi. Baba alikuwa fundi kule alikotoka. Huyu alikuwa makanika wa malori, yule seremala, yule mshonaji wa viatu, yule mfua bati. Watu walimfuata mpaka nyumbani, wakimwita "Fundi" kwa heshima. Vita vikaja. Akafika hapa bila kisanduku chake cha vifaa, bila cheti, bila kujua Kiganda wala Kiingereza. Alijaribu mara moja au mbili, akaambiwa "hatukujui". Basi akakaa. Mama anatoka asubuhi kuuza vitenge au shanga, au kufua nguo za watu. Baba anabaki na redio.

Watoto wanatazama. Mtoto aliyezaliwa hapa hajawahi kumwona baba yake akifanya kazi. Kwake yeye baba ni mtu wa kukaa. Hajui kwamba mikono ile iliwahi kufungua injini ya lori usiku, kwa mwanga wa tochi, na asubuhi lori likaondoka. Siku moja mtoto huyo anamjibu baba yake vibaya, na nyumba nzima inashangaa adabu imepotelea wapi.

Ndugu zetu, tusimlaumu baba, wala tusimlaumu mtoto. Kuna kitu kimekatika kati yao. Mzee Battan Singh hakumpa Joginder hotuba. Alimpa spana. Mtoto alimjua baba yake kwa kufanya naye kazi.

Wahenga walisema, achanikaye kwenye mpini hafi njaa. Nasi tunaongeza kwamba mtoto aliyemwona baba yake akichanika kwenye mpini hamdharau, hata kama siku hiyo mpini haukuleta pesa.

Na watoto, ninyi mnaosoma hapa, msikieni: kumuuliza baba kuhusu kazi yake ya zamani ni heshima kubwa mnayoweza kumpa. Muulizeni alijifunza kwa nani. Muulizeni gari gani lilimsumbua kuliko yote. Mtashangaa jinsi atakavyoongea.

TUFANYE NINI?

Tunatoa mashauri machache, kila nyumba ichukue linaloifaa.

Kwanza, fundi atoke akaonekane. Kampala ni mji wa mafundi. Katwe inajulikana tangu zamani kwa watu wanaofua chuma, kuchomelea na kutengeneza mashine. Ndeeba kuna mbao na vipuri vya magari. Mgeni haanzi kwa kuitwa fundi, anaanza kwa kumsaidia mwenye kibanda chake. Inauma kwa mtu mzima, tunajua. Lakini makanika hujulikana kwa kusikiliza injini mara moja tu. Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi na kutembea nchini, basi usijifiche kama mwizi. Tembea na kitambulisho chako.

Pili, cheti kinapatikana hata kwa aliyejifunzia kazini. Kwa miaka mingi kazi hiyo ilifanywa na idara ya mafunzo ya kazi ya serikali ya Uganda, watu wakiiita DIT. Idara hiyo ilipima watu kwa vitendo, yaani unaonyesha unachokijua kwa mikono, na kulikuwa na hati iliyoitwa Worker's PAS kwa ajili ya wale ambao hawakukaa darasani. Kabla ya kutoa pesa yoyote, uliza ada na utaratibu kwa wahusika wenyewe, au kwenye shirika linalokuhudumia, ili usitapeliwe na watu wa kati.

Tatu, msiwaache wasichana nje. Mwaka 2011 mwanamke wa Uganda, Susan Muwonge, alikuwa bingwa wa taifa wa mbio za magari, akawashinda wanaume. Binti yako akitaka kushika spana, mpe.

Nne, kama hakuna gari la kutengeneza, tengenezeni gari la waya. Wengi wetu tulikua nalo, na ni kazi ya mikono ambayo baba anaweza kuianza na watoto Jumamosi hii, bila pesa. Tafuteni waya mgumu wa kufanya fremu, na waya laini wa kufungia. Kunjeni waya mgumu mpate umbo la sakafu ya gari, halafu umbo la juu, kisha myaunganishe kwa nguzo fupi nne. Magurudumu kateni kwenye kandambili zilizochakaa, yale mapatipati ya mpira, kwa kuzungushia kifuniko cha chupa ili yatoke sawa. Ekseli ni waya ulionyooka, au spoki ya baiskeli. Mwisho funga waya mrefu unaofika kwenye ekseli ya mbele, juu ukunjwe duara uwe usukani. Mtoto atasukuma akiwa amesimama, na gari litakata kona kweli kweli. Kisu ashike baba, na ncha zote za waya zikunjwe ndani zisichome mtu.

Mnaotoka Goma mtacheka mkisema hilo ni dogo, kwani kwenu watu hutengeneza chukudu. Ni kweli. Chukudu ni mbao tupu, kazi ya shoka na patasi, na magurudumu ya mti yaliyovishwa mpira wa tairi la zamani. Linabeba makaa, viazi na mbao, linalisha familia na kulipa karo. Goma wameliwekea mpaka sanamu katikati ya mji. Wazee mnaojua kulitengeneza, wafundisheni vijana jinsi ya kuchagua mti na kuunganisha bila kuvunjika. Hata kama hapa Kampala halitumiki barabarani, kazi ile ni useremala, na useremala unatumika kila mahali.

TUNAMKUMBUKAJE?

Mashindano ya Safari yaliwahi kutoka kwenye ubingwa wa dunia baada ya mwaka 2002, yakarudi mwaka 2021, yakifanyika upande wa Naivasha. Vijana wanaoyatazama siku hizi wanaona magari yenye kompyuta na mafundi wengi wenye sare. Ni vizuri. Lakini wajue kwamba kabla ya hapo kulikuwa na ndugu wawili, gari la mtumba na gereji ya baba yao.

Sisi tunamkumbuka Joginder Singh kama fundi kwanza, bingwa baadaye. Vikombe alivyoshinda hatuwezi kuwapa watoto wetu. Lakini alichopewa na baba yake, hicho tunacho wengi wetu, kimelala tu kwenye mikono. Baba, leo jioni zima redio kidogo, mwite mtoto, mwonyeshe jambo moja unalolijua. Hata kama ni kunoa kisu au kuziba pancha ya baiskeli, anza hapo.

MASWALI YA KUONGEA NYUMBANI

1. Baba au babu yetu alifanya kazi gani kule tulikotoka? Alifundishwa na nani?

2. Mama naye anajua kazi gani ya mikono ambayo watoto hawajajifunza?

3. Ni kifaa gani kimoja, nyundo, spana au sindano, tunaweza kukinunua kwanza tukikusanya pesa kidogo kidogo?

4. Kwa nini Joginder na Jaswant waliweza kufanya kazi pamoja bila kugombana? Sisi ndugu tunafanya hivyo?

Kama mzee wenu ana kazi anayotaka kuwafundisha vijana wa jirani, mwambieni mwakilishi wa familia wa eneo lenu ili wengine wajue.